Shangazi, Kifaa Changu Kilikufuturisha Mchana

Shangazi yangu Mwanahawa,

Kwanza nikukumbushe anayekuandikia ni nani, maana huko uliko mnapokea wageni kila siku, huenda ukanichanganya na mwingine. Ni mie, Shomari. Kutoka Mtoni mpaka Mbagala hakijazaliwa kichwa kama hiki. Umeme wenyewe ukinikuta njiani unateremka kwenye nguzo, unavua viatu, unaniambia shikamoo fundi. Redio iliyokufa nikiigusa inaniomba radhi kwa kuchelewa kuamka. Wenzangu walioniacha fomu tuu wakaenda kukusanya vyeti, ningetaka ningewafundisha wao pamoja na walimu wao, ila sina nafasi.

Haya, cheka kidogo. Shikamoo, Shangazi. Marahaba nitajiitikia mwenyewe. Si nabeba jina la baba yako? Ruhusa ninayo.

Leo nimefunga. Usishtuke. Ramadhani imeshapita, wala mie sijashukiwa na ucha Mungu wa ghafla. Nailipa ile siku yako moja, ile uliyofuturu jua likiwa bado lipo, ukaondoka duniani hujailipa. Ustadhi wa msikiti wetu aliniambia maiti akibaki na funga, mtu wake wa karibu anaweza kumfungia. Akaniuliza, "Na zako wewe je?" Nikamwambia zangu ni nyingi mno, Ustadhi, zikae foleni, hii ni moja na ina mwenyewe. Basi nimekaa juu ya mifuko ya saruji nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi ninapobebaga mizigo. Alasiri imeshaswaliwa. Midomo imenikauka kama msasa. Nakuandikia ili nisiinuke kwenda kwenye bomba.

Na barua hii naiandika wazi kwenye simu, kila mwenye macho aisome, kwa sababu huku mtaani wapo wanaosema mpaka leo kwamba Bi Mwanahawa alikula mchana wa Ramadhani kwa tamaa ya tende. Utu uzima wote ule, eti tende. Nataka wajue ilivyokuwa.

Yote yalianza na taa. Unaikumbuka ile taa ya ukutani aliyoitupa mpangaji wa uani, ile inayojiwasha yenyewe magharibi na kujizima asubuhi? Ilikufa, akaiweka kwenye takataka, mie nikaiokota. Wewe ulikuwa barazani unashona kofia, sindano umeibana mdomoni. Ukaitoa sindano ili unisute vizuri.

"Baba, na hiyo nayo unaingia nayo ndani?"

"Inakwenda kupona, Shangazi."

"Zile zilizoingia kupona mwaka jana umezizika wapi?"

Nikakujibu kwamba hujui sayansi. Ukasema kweli hujui, ila unajua idadi ya vitu vilivyokuwa vinafanya kazi ndani ya nyumba yako kabla mie sijaanza kuijua hiyo sayansi.

Na ulikuwa sahihi, sikuwa najua kitu. Nilikuwa natazama video kwenye simu, jamaa mmoja anafundisha vitu vidogo vidogo vya umeme, betri na vijitaa na waya, lakini bando langu lilikuwa na tabia ya kukata pale pale jamaa anaposema "sasa sababu yake ni hii." Kwa hiyo nilijua jinsi ya kufanya, sababu yake sikuijua. Elimu yangu yote imekuwaga hivyo, nusu mkate.

Kijitaa cha kwanza nilichokiwasha maishani mwangu kiliishi maisha mafupi kuliko njiti ya kiberiti. Kile kidogo kama punje ya hindi, chenye miguu miwili, mguu mrefu chanya, mfupi hasi. Nilikiunga moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki. Kikawaka, Shangazi! Kikawaka mpaka tukaona kuta. Kisha kikasema pap, kikatoa harufu ya nywele zilizoungua, kikanyamaza moja kwa moja. Ukainama ukakitazama pale mezani.

"Kimefurahi mno," ukasema, "kikafa."

Nilicheka siku tatu. Lakini sentensi yako ile ilinifundisha kuliko video. Kumbe umeme ukiachwa uende kwa pupa unaua. Lazima katikati pawepo kizuizi. Kizuizi chenyewe ni kijiti kidogo chenye milia ya rangi, mafundi wanakiita rezista. Nikaenda kwa fundi redio mmoja pale Mtongani, akanimwagia vijiti konzi nzima kwenye kopo la maziwa, akasema rangi ndizo namba, kila mlia una tarakimu yake, ukishindwa kusoma rangi usirudi kwangu.

Ndipo nilipokwama. Ile milia ni myembamba kuliko uzi, na kwangu mie nyekundu na kahawia ni mtu na ndugu yake. Nikawa nakisogeza kijiti puani, nakirudisha, nakilaani.

"Lete hapa," ukasema.

Ukakiweka kwenye kiganja, ukakigeuza juani, kama unavyochagua uzi wa nakshi.

"Kahawia. Nyeusi. Halafu nyekundu, ile ya pilipili iliyowiva."

"Na hiki?"

"Kahawia, nyeusi, nyekundu... hapana, ngoja. Hii nyekundu gani? Hii ni chungwa, tena chungwa lililokaa sana sokoni."

Nikakueleza kwamba ukikosea nyekundu na chungwa, namba inaruka mara kumi. Ukashusha pumzi. "Kumbe na umeme una nakshi," ukasema, ukarudi kwenye kofia yako. Tangu siku hiyo ukawa macho yangu. Jioni ukimaliza safu ya kushona unaniita mwenyewe, "Leta wale wadudu wako niwasome." Vibanio vyako vya nguo vikawa mkono wangu wa tatu, kimoja kinashika waya huku nachomelea. Moshi wa risasi ya kuchomelea ukikufikia unapepea kwa upande wa kanga na kulalamika kwamba nyumba inanuka gereji. Lakini hukuondoka hata siku moja. Ukihama, unahama na mkeka, kidogo tu, upande wa dirisha.

Ikaja ishu ya sikio. Sikio lako la kulia lilikuwa limeshafunga duka, la kushoto lilikuwa linafungua likitaka. Spika ya msikiti wetu imeelekea barabarani, na Barabara ya Kilwa haijui kunyamaza. Ramadhani ulikuwa unategemea watoto wa uani waje kukuambia imeadhiniwa, na wale watoto, Mungu awasamehe, wakaona ni mchezo. Wanapiga kelele "Imeadhiniwaaa!" kisha wanajificha. Siku moja nilikukuta umekaa mbele ya futari yako, magharibi imekwishaingia zamani, hujanywa hata maji. Unaogopa kudanganywa. Unanitazama mdomo uone nitasema nini.

Nikasema mie nitamaliza hili tatizo. Nani mwingine?

Ile taa iliyokufa ilikuwa na jicho. Ni kidude kidogo chenye mchirizi kama nyoka usoni, kikiona mwanga kinafanya hivi, kikiona giza kinafanya vile. Nikakichomoa. Nikachukua transista, mdudu mwenye miguu mitatu, ambaye kazi yake ni kama bawabu: akiguswa kidogo mguu mmoja anafungua geti kubwa. King'ora nilikitoa kwenye gari bovu la zimamoto la kuchezea, la mtoto wa Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta. Ubao nilikosa, nikatoboa kipande cha boksi la tende. Nikaweka kijitaa chekundu kikubwa ili hata king'ora usipokisikia uone. Bawabu wa kwanza nilimfunga miguu kinyume, akawa wa moto mpaka akaniunguza kidole. Wa pili akakubali.

Tulikijaribu mwezi wa Shaabani. Unakumbuka? Nimekiweka dirisha la magharibi, tumekaa tunakisubiri kama wanaosubiri mtoto azaliwe. Adhuhuri, jua la utosi, kikapiga king'ora. Ukaruka. Kumbe Mama Zuhura kaanika blanketi lake mbele ya dirisha.

Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu ukaiokota, ukasema, "Kwa hiyo hakijui jua. Kinajua giza."

"Shangazi, si kitu kile kile?"

"Si kitu kile kile, baba."

Nikasema ndiyo ndiyo, nikahamisha kamba ya nguo. Nilidhani nimemaliza.

Siku za mwanzo kilifanya kazi, usinikatalie. Jua linazama, wekundu unaondoka, jicho linaona giza, bawabu anafungua, zimamoto inalia, tii-taa, tii-taa, na taa nyekundu inawaka. Uani wakawa wanatania, "Kwa Bi Mwanahawa futari inawaka moto!" Wewe unachukua tende yako, unanitazama, unasema "Mungu akubariki, Injinia." Hujawahi kuniita hivyo kabla. Kabla ya hapo nilikuwaga Fundi Haribu. Neno lile nililitembeza mtaa mzima. Niliwaambia watu wa kijiweni kwamba shangazi yangu hafungui kwa adhana tena, anafungua kwa akili ya Shomari. Mmoja akasema nimekufuru. Nikamwambia ana wivu.

Halafu ikaja siku ya mvua.

Ilikuwa masika ile yenyewe. Umeme ulikatika tangu asubuhi, simu zetu zote mbili zimezima. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, na mwenye makosa ni mie, maana betri moja ya kifaa ilikuwa imekwisha nikachomoa ya saa. Niliona saa ya nini wakati kuna kifaa. Mchana kutwa tulikaa ndani tunasikiliza mabati. Ulikuwa umepika tambi na mihogo ya nazi, harufu yake ilinitesa mpaka nikaenda kulala. Wingu lilikuja kutoka upande wa bandarini, jeusi tii, nyumba ikaingia giza kama mtu kafunga mlango.

Na zimamoto ikalia.

Tulikuwa tumekaa mkekani. Taa nyekundu inawaka usoni kwako. Ukasema bismillahi, ukatia tende mdomoni.

Mie nilishafika kwenye muhogo wa pili. Mlango ukasukumwa, Mama Zuhura huyo, ndoo kichwani badala ya mwavuli, bakuli la uji mkononi, kaja kubadilishana futari kama mlivyokuwa mnafanya. Akasimama. Nyuma yake wingu lilikuwa linapasuka, na jua la alasiri, la manjano, likaingia mlangoni likakaa katikati ya mkeka, juu ya sahani.

"Subhanallah! Mwanahawa! Mnakula?"

Ukamtazama mdomo. Nadhani ulisikia nusu, nusu nyingine ukaisoma. Kisha ukaliona lile jua pale mkekani.

Tende ilikuwa bado mdomoni. Ukaitema kwenye kiganja, taratibu, ukaifunika kwa ncha ya kanga. Mtu mzima kama wewe. Tangu uvunje ungo hujawahi kupoteza siku ya mfungo isipokuwa kwa sababu zenu za kike, na zile ulizilipa kabla mwezi mpya haujaandama. Mie nikacheka. Wallahi nilicheka, kwa aibu, kicheko kikanitoka kama kwikwi.

"Nani kakwambia limezama?" Mama Zuhura anauliza, anatazama kifaa, ananitazama mie.

Ukanishika goti. "Hakuna aliyeniambia. Nimekosea mwenyewe."

Tukafunika vyakula. Ukakaa pale pale mpaka magharibi ya kweli, mgongo umenyooka. Siku ya pili Ustadhi akasema aliyekosea hana dhambi, ila siku atailipa. Ukamwambia yale yale: nimekosea mwenyewe. Na uani, kwenye kuchagua mchele wa Idi, Mama Zuhura alipoisimulia kwa madoido yake, tende zikawa tatu, zikawa sahani nzima, wewe ukaendelea kupepeta. Nilikuwa dirishani. Nilisubiri useme, ni huyu mtoto na makopo yake. Hukusema.

Ulipanga kuilipa Mfunguo Mosi, wageni wa Idi wakishaondoka. Wageni wakaondoka, presha ikaja. Daktari akasema usifunge. Ukaniambia, "Siku ziko nyingi, baba, nitailipa tu." Mara ya mwisho nilipokuletea uji kitandani uliulizia hiyo siku, ukauliza inahesabiwaje kwa mgonjwa. Nikasema tulia, Shangazi.

Baada ya arobaini watu walirudi kwao. Kile kifaa nilikitia kwenye boksi pamoja na kopo la wadudu, nikalisukuma chini ya kitanda. Si hasira, nilichoka tu. Watu wananiletea redio, wananiletea chaja, "Shomari bana, jicho lako hilo, tutazamie." Nazitazama. Nikishika kijiti cha rangi mkono unakisogeza juani wenyewe, halafu nakumbuka kwamba hakuna wa kunisomea. Nimejaribu kununua kipimo, kile chenye waya mbili, nyekundu na nyeusi, unagusa huku na huku namba inatokea kwenye kioo. Kinasoma haraka kuliko wewe. Hakijawahi kuniambia chungwa lililokaa sana sokoni.

Na hii siku yako, Shangazi, si mara ya kwanza kuijaribu. Mara ya kwanza nilifika adhuhuri, nikabebeshwa nondo, nikajikuta nimeinamia bomba nimeshakunywa. Mara nyingine jamaa wa dukani alinipa kipande cha andazi, nikakila huku namsimulia kwamba nimefunga. Alicheka mpaka akakaa chini, na mie nikacheka naye, kisha nikaenda nyuma ya duka peke yangu. Kuna siku nyingine tena, hiyo sitaisema. Mtu mwenye kichwa kama changu, anayeamkiwa na nguzo za umeme, ameshindwa siku moja ya mwanamke mgonjwa.

Leo nimefika mbali kuliko siku zote. Mgongo unauma, kichwa kinapiga, na mwenye duka ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nimemwambia nipo freshi. Simu inasema bado kidogo, ila simu leo siiangalii sana. Kivuli cha ukuta kimefika kwenye ndala zangu. Mbingu nyeupe, hakuna wingu. Nikimaliza nitapita kwa Mama Zuhura nimwambie haya kwa mdomo, maana yeye hasomi vitu vya kwenye simu.

Pumzika, Shangazi. Mola aipanue nyumba yako ya sasa, na aipokee hii siku, imechakaa kidogo kwa sababu ya aliyeibeba, lakini ni nzima.

Ila hawa wanaosoma bado hawajajua yote, na wewe ulinifichia mpaka kaburini. Kifaa hakikukosea. Kiliambiwa kikiona giza kilie. Kikaona giza, kikalia. Siku ile ya mvua wewe hukukiamini hata kidogo. Tende ulikuwa nayo mkononi, hujaitia mdomoni, ukanitazama usoni ukaniambia, "Baba, nenda mlangoni ukaangalie upande wa machweo kama pamebaki mwanga. Neno lako ndilo nitakalofungulia." Nikaenda. Nilikuwa na njaa, mvua ilikuwa inapiga mlango, na nilitaka sana, Shangazi, nilitaka mno kuitwa Injinia tena. Nikasimama pale kwenye korido, nyuma ya mlango, muda wa mtu kutazama mbingu. Kisha nikarudi nikakaa mkekani, nikakuambia limezama, nimeliona kwa macho yangu.

Mlango sikuufungua.

Mtoto wa kaka yako, uliyemwita baba,
Shomari